The French Connection: neno lenye walikata, na sababu gani ningependa libaki

Bandugu, juu ya filme hii watu hawasikilizani, ata miaka zaidi ya 50 kisha kutoka kwake. Niliiangalia na wenzangu wawili wa promosheni yetu. Mumoja alisema iko polepole, polisi wanasimama tu mu baridi wanangojea. Mwingine alisema Popeye Doyle njo polisi wa kweli, haogopi mtu. Na mu mazungumzo ya filme za zamani kuko wenye wanasema hii ni filme ya kibaguzi, ingefaa iwekwe pembeni. Kila mumoja ameona kitu, lakini nafikiri kila mumoja ameacha kuangalia mapema kidogo.

Kwa wenye hawajaiona: ilitoka 1971, William Friedkin njo aliiongoza. Ilipata Oscar 5, pamoja na ya filme bora na ya Gene Hackman, mwenye anacheza Doyle. Hadithi imetoka mu kesi ya kweli ya New York, ya mwaka wa 1961 na 1962: heroini kutoka Marseille, imefichwa ndani ya motoka. Mapolisi wawili wa kesi ile, Eddie Egan na Sonny Grosso, wanaonekana wenyewe mu filme. Egan anacheza mukubwa wa Doyle. Yaani mtu mwenye Doyle alitolewa kwake anasimama mbele ya Doyle na kumugombeza. Hiyo peke yake inachekesha.

Tuanze na ule polepole. Friedkin alitokea mu dokimantere, na inaonekana. Kamera inashikwa mukononi, inatafuta watu kama vile imefika imechelewa. Kuko sehemu yenye ningeonyesha kila mtu mwenye analalamika: Charnier, mufanyabiashara wa heroini (Fernando Rey), amekaa na mwenzake mu restora ya bei kali, wanakula kituo kisha kituo, polepole, mu joto. Ng'ambo ya barabara Doyle amesimama nje, anatafuna kipande cha pizza na kunywa kahawa mbaya mpaka anaimwanga chini. Hakuna mtu anasema kitu kikubwa. Lakini kisha hapo tunajua yote: nani ana feza, nani ana hasira, na kwamba hasira ya Doyle haitoki mu sheria peke yake. Anamuchukia Charnier sababu anakula vizuri. Ukikata ile baridi, Doyle anabaki mtu wa kukimbia na kupiga masasi tu, na wa namna ile tuko nao wengi.

Na sisi wenye tunasoma mu Kifaransa tuko na nafasi ya ajabu mu filme hii. Charnier na watu wake wakisema kati yao, tunawasikia moja kwa moja. Doyle hasikii kitu. Anawaita kwa jina la chura, vile Wamarekani wanazoea kutukana Wafaransa. Basi saa zingine tunajikuta upande wa mwizi, sababu yeye ana adabu na tunasikia luga yake. Mwenzangu mwenye anapenda Doyle hakukubali, lakini mimi nilimuona akitabasamu wakati Charnier, ndani ya metro, anamuacha Doyle kwenye ke na kumupungia mukono.

Sasa Doyle mwenyewe. Juu ya mbio za motoka chini ya reli ya juu, kule Brooklyn, sitasema mengi. Ni nzuri kama vile watu wanasema. Hakuna muziki, ni breki na honi tu, na kugongana kumoja hakukupangwa: raia mumoja aliingia tu barabarani na motoka yake. Lakini angalieni namna mbio zinaisha. Yule muuaji ameshuka mu treni, amechoka, hana tena bunduki. Anageuka kupanda ngazi, na Doyle anamupiga sasi mu mugongo. Picha ile njo waliweka kwenye afishi. Walichukua mtu anapigwa mugongoni, wakauza nayo filme, na watu walipiga makofi mu sinema.

Hapa njo sikubaliane kabisa na wenye kusema kwamba Friedkin anamuhukumu Doyle. Si rahisi hivyo. Anatupandisha mu motoka na Doyle, anatutia moyo haraka, tunataka afike. Kisha anatuachia maiti kwenye ngazi na hasemi kitu. Ile furaha yetu, tufanye nayo nini? Filme haitusaidii. Kwangu mimi huo ni ukubwa wake, na pia ni hatari yake, sababu mtu anaweza kutoka na furaha tu, bila swali.

Hapo njo neno linaingia. Mwanzoni, Doyle na mwenzake Russo wanamufukuza mwanaume mumoja mweusi mwenye kuuza dawa, na Russo anachomwa kisu. Wakirudi ofisini, Doyle anamuambia eti mtu mweusi haaminiwi kamwe, lakini hasemi "mtu mweusi", anatumia lile tusi lenye wote tunajua. Russo anamujibu kwamba yule angeweza kuwa muzungu. Doyle anabadilisha: basi usiamini mtu yeyote. Mwaka wa 2023, watazamaji mu Marekani waligundua kwamba kopi yenye ilikuwa inaonyeshwa kwenye intaneti ilikatwa sekunde zile. Hakukuwa tangazo.

Naelewa mwenye hataki kusikia neno lile nyumbani kwake. Mimi pia lilinichoma. Lakini angalieni kitu gani kilibaki. Ilibaki sehemu ya bare, yenye Doyle anaingia kati ya watu weusi, anawapanga kwenye ukuta, anamwaga vidonge vyao ndani ya gilasi na kuvikoroga kama kinywaji, akicheka. Anachukua mumoja mpaka mu choo. Kumbe ni mupelelezi wake. Anamuuliza anataka apigwe wapi ili wengine wasishuku, na anamupiga. Yote hiyo ilibaki. Wamemutoa Doyle tusi tu, mikono wamemuachia. Bila lile neno, mu bare ile tunaona polisi mukali mwenye kujua kazi. Na neno tunaona mtu mwenye alishachagua adui mbele ya kufungua mulango. Kwa hiyo mwenye alikata alimusaidia Doyle, na watu weusi wa bare ile hakuwapa kitu.

Na mwisho wa filme unathibitisha. Mu jengo bovu, gizani, Doyle anapiga masasi anafikiri ni Charnier. Ni Mulderig, polisi wa serikali kuu. Russo anashangaa, anamuambia ameua mwenzao. Doyle haangalii maiti zaidi. Anaweka masasi mapya, anaingia mu giza, tunasikia sasi moja, basi. Kisha maandishi: Charnier hakukamatwa, mukubwa wa biashara aliachiliwa sababu ushahidi haukutosha, Doyle na Russo walitolewa mu kazi ya dawa za kulevya. Na kitu chenye filme haikuweza kujua: 1972 iligunduliwa kwamba heroini nyingi, pamoja na ile ya kesi hii, iliibiwa ndani ya stoo ya polisi ya New York yenyewe.

Mwenzangu mwenye kupenda polisi wa kweli, huyo njo polisi wako. Hakumupata mwizi, aliua mwenzake, na bidhaa ilitoka kwa mulango wa nyuma.

Mukitaka kuiona, tafuteni disque ya zamani. Njia ya kujua ni rahisi: kisha Russo kuchomwa kisu, mukifika ofisini na muone mazungumzo yao yanaruka gafla, muko na kopi yenye ilikatwa.