Kichwamaji na Huzuni Isiyo na Sababu



Sina desturi ya kusoma riwaya. Sisi tuliokulia chuoni tumezoea kuviona vitabu vya visa vya kubuni kuwa ni mchezo wa kupotezea wakati. Lakini kimoja nilipewa mkononi na mtu ambaye nisingeweza kumkatalia, na tangu nikisome sijatulia. Nacho ni Kichwamaji cha marehemu Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Mwandishi huyu alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Hakuwa mtu wa dini yetu, wala hakuandika kwa ajili yetu. Hata hivyo nataka tukizungumze, kwa kuwa lililomo kitabuni limo pia majumbani mwetu, nasi tumelifungia mlango.

Anayesimulia ni Kazimoto, kijana wa Chuo Kikuu. Dada yake aharibiwa na Manase, kijana aliyesoma akapata cheo. Mauti yaingia nyumbani kwao. Kazimoto amwoa Sabina, ndugu yake huyo huyo Manase, na mtoto wao azaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama alivyozaliwa wa Manase, kwa maradhi yaliyotokana na zinaa. Mwisho Kazimoto ajiua.

Wataalamu wa vyuo vikuu wamekisifu sana kitabu hiki, na fikra zake waziita udhanaishi, yaani mtu kujiona ametupwa duniani pasipo maana. Mimi pia nakisifu, ila kwa jambo jingine. Kezilahabi hadanganyi. Hamfanyi msomi kuwa malaika kwa sababu ya vyeti vyake, wala hafichi kwamba uchafu wa mmoja hulipwa na wasiokuwa na kosa. Na ile kukata tamaa kwa Kazimoto haiji kwa kishindo. Yaja kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia jahazini penye mbao zilizokosa kalafati. Nahodha huja kushtuka tanga linalowa. Kwa hayo, mwandishi amefanya kazi ya watu wazima.

Sasa nikwambie nilikipataje.

Nilisomesha miaka kadhaa Kilolo, mkoani Iringa. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2002. Mtu wa pwani akipanda kutoka Morogoro aingia kwa Ruaha Mbuyuni, penye joto na vitunguu, apite Ilula penye nyanya, ndipo apande milimani upande wa Udzungwa, penye ukungu na baridi ya Juni inayoingia mifupani. Huko nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mwerevu kuliko wenzake wote. Msimu mmoja akawa halali. Usiku kucha asoma, asema, apanga kujenga msikiti wa ghorofa. Fedha za baba yake za nyanya akazigawa sokoni kwa siku mbili. Watu wakasema amefunguliwa. Mimi nami nilifurahi, nikaona ni baraka ya chuo changu. Miezi haikupita mingi akalala kitandani uso ukutani, hali, haogi, hasali.

Nikaitwa. Nikamwambia, mbele ya mama yake, kwamba muumini hakati tamaa, na hali ile ni udhaifu wa imani, azidishe dhikri. Alinitazama tu. Siku ya tatu, alfajiri, akatoweka. Wanawake waliokuwa wakienda shambani wakamkuta mahali ambapo mtu haendi saa ile kwa heri, wakamrudisha nyumbani wakiwa wamemshika mikono. Wanawake wale hawakusoma chuoni, lakini siku hiyo walikuwa na elimu kunizidi.

Akapelekwa hospitali. Daktari akaeleza kwamba ule wepesi wa kwanza na ule uzito wa pili ni ugonjwa mmoja wenye nyuso mbili, na kwamba una dawa. Leo ana duka na watoto wawili. Ndiye aliyenipa Kichwamaji, akaniambia: "Sheikh, huyu Kazimoto ana sababu. Dada yake ameharibiwa, nyumba yake imeingiwa na mauti. Mimi nilikuwa na nini? Nyanya ziliuzwa vizuri mwaka ule."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo uhakiki bora kuliko wote nilioupata wa kitabu hiki. Ndiyo yaliyonirudisha kwa wanavyuoni wetu wa kale. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria, ndiyo 934 wa Miladia, aliandika Masalih al-Abdan wal-Anfus, kuhusu siha ya miili na nafsi. Humo aligawa huzuni mafungu mawili: huzuni ambayo mwenyewe aijua sababu yake, na huzuni isiyojulikana sababu. Ya kwanza aliitibu kwa mazungumzo na mawaidha. Ya pili alisema asili yake imo mwilini, na mwili nao utibiwe. Miaka zaidi ya elfu imepita! Na mimi, mwenye kilemba, niliitibu ya pili kwa dawa ya kwanza, tena kwa ukali.

Hapa basi ndipo ninapokilaumu kitabu. Kezilahabi ameandika huzuni ya fungu la kwanza peke yake, akaipa hoja juu ya hoja, na kifo akakiweka mwisho kama jawabu la hesabu. Msomaji mzima atapima hoja hizo, akubali au akatae. Lakini msomaji mgonjwa je? Maradhi haya yana hila: husema ndani ya mtu kwa sauti ya hekima. Humwambia kwamba sasa ndipo ameuona ukweli. Mtu wa namna hiyo akimsoma Kazimoto peke yake, usiku, atadhani amepata shahidi. Sisemi kitabu kifichwe. Nasema kisisomwe kama kwamba kila kukata tamaa ni falsafa. Kwingine ni homa ya nafsi, nayo hupungua kwa dawa.

Tena kuna jina lenyewe. Kwetu kichwa maji ni tusi. Mwandishi amelitumia kwa makusudi, lakini sisi twalitumia kwa wepesi, pamoja na mwehu, kichaa na ana mashetani. Neno sonona tunalo, nalo ni la heshima. Kwa nini ulimi wetu usizoee hilo?

Wala sipingi kisomo. Quran ni shifaa, nami humsomea mgonjwa mpaka leo. Ninachopinga ni kombe kuwekwa mahali pa daktari, na kijana kufungwa kamba au kufukizwa mpaka apaliwe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tujitibu, na yeye mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni. Nabii Yaakub alilia hadi macho yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu?

Mwanafunzi wangu amenifundisha anavyoishi, nami nakufikishia. Usingizi aulinda kama amana. Akikesha siku mbili mfululizo, mkewe ajua la kufanya. Fedha kubwa hashiki peke yake. Dawa haachi kwa kuwa amepata nafuu, kwani nafuu ile ndiyo kazi ya dawa. Na Ramadhani haifungi kabla ya kumwona daktari, kwa sababu atumia dawa iitwayo lithiamu, ambayo mwili ukikaukiwa maji huweza kuzidi katika damu ikawa sumu. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa. Ni nani sisi tumnyang'anye kwa maneno ya barazani? Na mtu akikwambia amechoka kuishi, usimkemee. Muulize waziwazi kama awaza kujiua, kaa naye, usimwache peke yake, kisha mpelekeni hospitali.

Kisomeni Kichwamaji, enyi wazazi, na mwanao mtu mzima akikisoma, keti naye mkizungumze. Lugha yetu ingali yadai kitabu cha pili, cha yule aliyehuzunika nyanya zikiwa zimeuzwa vizuri, akapona, akafungua duka. Mimi si mwandishi wa riwaya. Nimeandika haya tu, na kwa kijana yule nimekwisha kuomba radhi mbele ya mama yake, mahali pale pale nilipomkosea.

Wabillahi tawfiq.