Sauti na Sura Zisipokwenda Pamoja

Katika ushairi wa Kiswahili, mshororo ukipungua mizani moja, msikilizaji huhisi kwamba pameteguka kitu, hata kama hajui kuhesabu mizani. Filamu nazo zina hali hiyo hiyo. Sauti ikitangulia sura, au ikichelewa nyuma yake, mtazamaji huacha kufuata maana akaanza kufuata midomo. Katika makala haya twakusudia kulichunguza kosa hilo, kwa maana limeingia sana katika kumbukumbu za ngoma zetu, na jinsi tunavyolitengeneza huonyesha kadiri tunavyouthamini utamaduni wetu.

Tuanzie Shelui, mji mdogo wa Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, chini ya milima ya Sekenke, katika barabara kuu iendayo Igunga na Nzega. Huko tulionyeshwa, katika banda la video, picha ya ngoma iliyopigwa kwa simu katika arusi. Mwanzoni ilipendeza. Baada ya robo saa, mkono wa mpigaji ulikuwa ungali juu na mlio umekwisha sikika. Vijana wakacheka. Tuliambiwa kwamba mzee yule amekwisha fariki, na kwamba hakuna picha nyingine iliyobaki ya mikono yake. Mwenye picha alikuwa na dawa moja tu: kuifuta sauti yote na kuweka badala yake muziki wa santuri. Sisi twasema kwamba dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa.

Kosa lenyewe si geni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi za kuwaelimisha Waafrika. Picha zilikuwa katika ukanda wake, na maneno katika sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Lakini vitu viwili vikiendeshwa mbalimbali, kila kimoja hufuata mwendo wake. Sindano ikiruka, au ukanda ukikatika na kuunganishwa, sauti na sura hupotezana. Vyombo vya leo ni vipya, lakini chanzo cha ugonjwa ni kile kile.

Huenda msomaji akauliza: mbona katika mabanda hayo hayo watu hufurahia filamu za kigeni zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na maneno hayo hayalingani na midomo hata kidogo? Swali ni la haki. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Lakini msimulizi wa namna hiyo hadai kwamba sauti yake yatoka katika kinywa cha mwigizaji. Yeye amesimama kando, kama mtambaji wa hadithi, na sote twajua. Mlio wa ngoma hauna ruhusa hiyo, kwa sababu wadai kutoka katika mkono tunaouona.

Tena sikio lina desturi yake. Mtu akikata kuni katika mteremko wa Sekenke, mita 340 kutoka tulipo, twaona shoka likitua kwanza, na mlio watufikia baada ya sekunde moja hivi. Kwa hiyo tumezoea sauti inayochelewa, wala hatukuzoea inayotangulia. Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ya mwaka 1998 yaeleza kwamba sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi huanza kutambulika, lakini ikichelewa haitambuliki mpaka ifikie milisekunde 125 hivi. Vijana wa Shelui hawakucheka kwa utovu wa adabu. Walicheka kwa kuwa walichokiona hakitokei duniani.

Mwenye kutaka kutengeneza na atambue kwanza aina ya kosa. Aina ya kwanza ni pengo lisilobadilika toka mwanzo hadi mwisho. Hilo ni jepesi: sauti husogezwa mbele au nyuma kwa kiasi kimoja, na kazi imekwisha. Aina ya pili ni pengo linalokua. Filamu ya picha 24 kwa sekunde ikiendeshwa kwa picha 25, saa moja hupungua kwa sekunde 144; na sauti ikibaki katika mwendo wake wa asili, utengano huongezeka kila dakika. Simu nazo mara nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kufuatana na mwanga, hali sauti hunaswa kwa mwendo ulio sawa. Programu ya kuhariri inayodhani kwamba picha zote zina urefu mmoja huzipanga vibaya.

Hapa ndipo penye uamuzi wa utamaduni, wala si wa ufundi peke yake: kipi kimfuate mwenzake? Wengi huivuta au kuibana sauti ili ilingane na picha. Katika ngoma twaona hilo ni kosa. Picha moja ikirudiwa, jicho halitambui; lakini pigo likivutwa, mwendo wa ngoma hubadilika, na pengine hata mlio wake hupanda au kushuka. Tutakuwa tumemfundisha mjukuu ngoma ambayo babu yake hakuipiga. Sauti na iachwe ilivyo, picha zipangwe upya kuifuata, na nakala ya kwanza ihifadhiwe bila kuguswa.

Twawashauri walimu na wanafunzi wanaporekodi ngoma au ngonjera wapige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, na jingine mwishoni. Kofi la kwanza likilingana na la pili lisilingane, pengo linakua. Yote mawili yakipishana kwa kiasi kimoja, pengo ni lile lile. Kazi hiyo ni ya nukta chache tu. Mzee wa Shelui hatapiga tena. Lakini sauti yake, kwa kuwa haijafutwa, bado yaweza kurudishiwa mikono yake.