Maneno ya Nuru Ukutani

Huenda wewe, msomaji, umepata kusimama katika soko la Nyaramba wakati wa magharibi, giza linaposhuka juu ya mashamba ya chai, ukasoma jina la duka lililoandikwa kwa taa. Hukujishughulisha kuuliza kama jina lile lasema kweli. Lilikuonyesha pa kununua sukari, basi. Lakini taa ikiandika jambo lisilo na bei wala mlango, huna budi kuuliza ni nani anayesema nawe.

Katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti, liko jumba la sanaa ya kisasa lenye nguzo nene za mawe mbele yake. Mwaka 2008 msanii Martin Creed aliandika juu ya nguzo hizo, kwa mirija ya kioo ing'aayo kwa gesi, maneno machache ambayo maana yake ni kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Fikiri umefika hapo usiku, u mgeni, na baridi inakuuma. Unafarijika kwanza. Kisha mashaka yanakuingia, maana hapana aliyetia sahihi ahadi hiyo, wala siku ya kuitimiza haikutajwa.

Hayo ndiyo maneno tuwaambiayo wafiwa matangani. Lakini jirani ayasemaye kwetu hurudi kesho yake na kuni au unga, na unga huo ndio unaoyapa maneno uzito. Ukuta hauleti unga. Kwa sababu hiyo ningaliihukumu kazi ya Creed kuwa tupu, kama nisingalijua habari za jumba lenyewe. Lilijengwa katika miaka ya 1820 liwe shule ya watoto waliofiwa na baba. Sanaa ilihamia humo mwaka 1984. Tena, maneno hayo hayo Creed aliyatundika kwanza mjini London, mwaka 1999, juu ya mabaki ya nyumba iliyokuwa ya mayatima. Sasa yasome upya. Yanasemwa pale pale watoto walipoyahitaji, nayo yamechelewa kuwafikia. Huzuni hiyo haimo katika herufi hata moja. Imo katika mawe yaliyo nyuma yake.

Ng'ambo ya barabara liko jumba la pili, nalo zamani lilikuwa la mayatima. Uwanjani pake ilisimamishwa kazi ya Nathan Coley ya mwaka 2006: taa zilizofungwa juu ya kiunzi cha vyuma, kama kile wapandacho waashi, zikitangaza kwamba hapa hapatakuwa na miujiza. Wengine hucheka, wakidhani majumba haya yanagombana. Mimi naipenda zaidi kazi ya Coley, kwa kuwa haifichi jinsi inavyosimama. Kila chuma chaonekana. Hata hivyo, bila ile ahadi ya ng'ambo, ingekuwa kauli kavu mno. Nami ningetamani kuiona ahadi hiyo siku umeme unapokatika, kama ukatikavyo kwetu, nguzo zikabaki gizani.