Tuzo na Miswada: Neno Juu ya Mashindano ya Uandishi

Wahakiki wetu, waijadilipo riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, hupenda kumsaka Sherlock Holmes nyuma ya Bwana Msa. Ni haki yao. Lakini husahau kwamba mswada huo ulishinda kwanza shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957-58, ndipo ukachapishwa mwaka 1960.

Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoasisiwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, iliifuata njia hiyo: ilipokea hata miswada isiyochapishwa, bila ada, ikatenga dola 15,000 kwa jumla. Fedha hizo si haba. Hata hivyo kikubwa zaidi, nionavyo, ni kuchapishwa, kama ilivyokuwa kwa N'na Kwetu, diwani ya Mohammed Ghassani iliyoshinda mwaka 2015. Shindano litozalo kiingilio humchuja mtunzi kwa mfuko wake kabla ya kumsoma.

Lawama yangu ni juu yetu wanachuo. Matangazo ya tuzo kama hizi huyabandika katika kuta za idara, mahali ambapo malenga wa Pate au Vanga hapiti.