Sifa za Fundi Atunzaye Kidakuzi

Ubora wa fundi wa programu huonekana zaidi katika kazi ambayo mtumiaji haioni, na kutunza vidakuzi ni kazi ya namna hiyo. Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu: kila ombi hupokewa kana kwamba mwombaji hajawahi kufika. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kidakuzi, alama ambayo seva humpa mteja ili airudishe kila anaporudi. Kivinjari huifanya kazi hiyo chenyewe. Programu ya Python inayoita kazi za seva ya mbali kwa XML-RPC, itifaki ya mwaka 1998, haina msaada huo. Moduli ya xmlrpc.client hutuma ombi, husoma jibu na kukiacha kidakuzi kipotee. Basi wito wa kuingia hufaulu, na unaofuata hukataliwa.

Tiba yake ni mistari michache: kuipanua klasi ya Transport, kukisoma kidakuzi ndani ya parse_response na kukirudisha kupitia send_headers. Uangalifu ndio mwingi. Kidakuzi ni kama ufunguo wa nyumba, anayeushika haulizwi jina. Kwa hiyo kirudi kwa seva iliyokitoa tu, kipite kwenye HTTPS, kisiandikwe katika kumbukumbu za mfumo, na kitupwe muda wake ukiisha.

Wapo wasemao kwamba tokeni zimeshachukua nafasi ya vidakuzi. Lakini tokeni nayo ni siri inayotunzwa kwa nidhamu ileile, na vidakuzi bado vinafanya kazi: DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za vituo vya afya nchini Tanzania, hutambua kikao kwa kidakuzi kiitwacho JSESSIONID, ingawa hautumii XML-RPC. Wengine husema maktaba ya requests, ikitumiwa kupitia Session, huvitunza yenyewe. Ni kweli, na itumike. Hata hivyo, kikao kikikatika takwimu za kituo cha afya cha Msata zikiwa njiani, maktaba haijui kama taarifa ilipokelewa au itumwe upya. Akiamua vibaya aliyeandika programu, wagonjwa wale wale huhesabiwa mara mbili au wasihesabiwe kabisa. Uamuzi huo ni wa fundi, naye hawezi kuufanya vyema asipojua kinachopita kati ya programu yake na seva. Kwa hiyo walimu wa Python wafundishe kwanza njia ya kidakuzi, kisha maktaba inayoirahisisha.