Istilahi za Ngazi za Barabara katika Ramani Huria: Uhakiki

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa katika intaneti kwa ushirikiano wa watu wa nchi nyingi. Kila barabara ichorwayo hupewa neno moja la kuonyesha ngazi yake, na maneno hayo yametokana na mpangilio wa barabara za Uingereza. Makala haya yanahakiki njia tatu ambazo mfasiri au mchoraji huelekea kuzifuata anapoyapa maneno hayo maana kwa Kiswahili.

Njia ya kwanza ni ya neno kwa neno. Kwa njia hii hupatikana "barabara ya shina", "barabara ya msingi" na "barabara ya sekondari". Mkazi wa Milanzi, katika Manispaa ya Sumbawanga, akisikia "barabara ya msingi" atadhani ni ile iendayo shule ya msingi. Hatari zaidi ni neno "isiyoainishwa". Kwa Waingereza hilo ni jina la barabara ndogo ya umma iliyo chini ya zile zenye namba. Msomaji wetu ataelewa kwamba ni barabara ambayo ngazi yake bado haijajulikana, jambo ambalo ramani hiyo ina neno jingine kwa ajili yake.

Njia ya pili ni ya kutazama uso wa barabara: yenye lami ikaitwa kuu, ya udongo ikaitwa njia ya shamba. Kosa hili lina madhara. Programu nyingi za kutafuta njia huziepuka njia za shamba, au huzikataa kabisa. Kijiji cha Ufipa ambacho barabara yake pekee ni ya udongo kikiandikwa hivyo, dereva wa gari la wagonjwa au wa lori la mbolea ataambiwa kwamba hakifikiki, hali magari hupita huko kila siku. Hapana budi ikumbukwe kwamba barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa barabara kuu hata ilipokuwa ya vumbi na tope. Ilipowekwa lami katika miaka ya 2010 haikupanda cheo. Lami ni sifa ya uso, nayo ramani huiandika mahali pake.

Njia ya tatu ni ya kuazima maneno ya sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ya Tanzania hutaja barabara kuu, za mkoa na za wilaya. Haya ni maneno mazuri, na mwananchi ameyazoea. Lakini kazi yake ni kueleza nani ana wajibu wa kuzitunza: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, na za wilaya, tangu 2017, ni za TARURA. Isitoshe, Kiswahili ni cha nchi nyingi. Nchini Kenya mikoa iliondoka katika utawala na kaunti zikashika nafasi mwaka 2013. "Barabara ya mkoa" haina maana huko.

Wako watakaosema basi Kiingereza kibaki, kwa kuwa chaunganisha wote. Hoja hiyo haisimami. Katika mpangilio wa zamani wa Kenya, A na B zilikuwa barabara kuu, za kimataifa na za kitaifa. C ndiyo iliyopewa neno la Kiingereza lenye maana ya "ya kwanza", na D "ya pili". Mchoraji afuataye neno ataiweka C mara tu chini ya barabara kuu. Afuataye mfuatano wa herufi ataishusha ngazi moja zaidi. Neno ni lile lile, ramani ni mbili. Kinachounganisha ni fasili iliyokubaliwa, wala si lugha ya jina.

Kwa hiyo yafaa istilahi ifuate kazi ya barabara, yaani inaunganisha nini na nini. Tunapendekeza "barabara kuu" kwa ile iunganishayo miji mikubwa na mipaka ya nchi. Kisha "barabara ya ngazi ya kwanza", "ya pili" na "ya tatu" kwa kadiri ya ukubwa wa miji na vijiji iunganishavyo. Neno "daraja" tumeliacha kwa makusudi: katika ramani yenye mito, "barabara ya daraja la pili" itampeleka msomaji mtoni. Ile iitwayo "isiyoainishwa" iwe "barabara ndogo", na "njia ya shamba" ibaki kwa ile iishiayo shambani au msituni.

Walimu na wafasiri wayapime maneno haya kwa barabara wanazozijua. Neno ambalo wachoraji wawili wa kijiji kimoja hawalitumii kwa namna moja halijawa istilahi bado.