Aliyeshika Picha

Sifa za upandikizaji mimba humwendea daktari, na maabara hupata fungu lake. Mimi namsifu mtu wa tatu: yule anayesimama kando ya kitanda, mkono juu ya tumbo la mwanamke, akishika kifaa cha altrasaundi.

Mwanamke amekuja kibofu kimejaa, ameshaambiwa asiende msalani. Mkojo ule una kazi mbili: hupitisha mawimbi ya sauti hadi kwenye mfuko wa uzazi, na hunyoosha mfuko ulioinamia mbele. Daktari anaingiza katheta laini, mrija uliobeba kiinitete, kupitia shingo ya kizazi. Hapo mwenzake huifuata ncha yake, akiinamisha kifaa kidogo kidogo, kwani akiyumba, ncha hutoweka na daktari hubaki gizani. Katheta haitakiwi kugusa kilele cha mfuko. Ikigusa, mfuko hujikaza, na mikazo hiyo yaweza kukihamisha kiinitete. Basi tone lenye kiinitete huachiwa sentimita moja au mbili kabla ya kilele, polepole sana.

Louise Brown, mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa maabara, alipozaliwa Uingereza mwaka 1978, na kwa miaka kadhaa baadaye, kazi hii ilifanywa kwa hisia za vidole. Ripoti za kuiongoza kwa altrasaundi zilianza kutoka katikati ya miaka ya 1980, na tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili zimeonyesha kuwa mimba hushika zaidi penye picha. Nikikumbuka mwanamke amechomwa sindano ngapi hadi kufika kitandani pale, naona ni haki yake mkono huo uwepo.

Na kiinitete chenyewe hakionekani! Kina upana wa sehemu moja au mbili tu za kumi za milimita. Kinachomweka kwenye skrini ni kipovu cha hewa kilichowekwa kwenye katheta pamoja nacho. Napenda wataalamu wanaomweleza mwanamke hivyo waziwazi, maana furaha yake haipungui kwa kujua.

Katheta hurudishwa maabara, ikaangaliwe kwa hadubini kama kiinitete hakikunasa ndani. Jibu likija kwamba ni safi, kifaa huondolewa, jeli ikafutwa tumboni. Wengi huogopa kuinuka. Waambiwe bila kusita: nenda msalani, mama, kiinitete hakianguki kwa kusimama wala kwa kukojoa.